Ngozi na Nywele za Mama Wakati Hedhi Inapokoma

  Kama una kazi mkononi, iwe ni kuchambua maharagwe, kukunja nguo au kunyonyesha, endelea nayo. Mimi naomba sikio lako tu.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wanawake wengi huliona kwenye kioo kabla ya kulisikia likitajwa na mtu. Nalo ni mabadiliko ya ngozi na nywele wakati mama anapokaribia kukoma hedhi, na miaka inayofuata. Na wewe ambaye bado ni kijana, usizime redio. Una mama, una shangazi, una mama mkwe. Huenda wewe ndiwe unayemsuka nywele na kumpaka mafuta mgongoni. Maneno haya ni yako pia.

Hebu tumfikirie mama mmoja. Sitampa jina, kwa sababu angeweza kuwa jirani yako. Ana miaka 49 na anauza mboga sokoni. Kwa mwaka mzima sasa hedhi yake inakuja inavyotaka. Miezi miwili haipo, mwezi wa tatu inakuja kwa wingi. Asubuhi akichana nywele, kichana kinajaa. Usiku miguu inamwasha, anajikuna mpaka ngozi inachubuka. Mashavuni pametokea madoa meusi. Na juzi alipojitazama vizuri, aliona kidevuni nywele mbili ngumu kama ndevu. Alizing'oa upesi, wala hakumwambia mtu.

Mwenzake wa sokoni alimtazama akasema, "Dada, umechakaa. Kuna krimu inauzwa pale stejini, wiki mbili tu utang'aa." Mama huyu, ambaye faida yake ya siku ni shilingi mia tatu, alitoa mia mbili na hamsini akainunua.

Mpenzi msikilizaji, mama huyu hajarogwa, wala hana ugonjwa wa aibu, wala hajachakaa. Mwili wake unaingia katika hatua nyingine ya maisha. Lakini krimu ile inaweza kumletea ugonjwa wa kweli. Tena, miongoni mwa mabadiliko ya ngozi zipo dalili chache ambazo hapaswi kuzifunika kwa mafuta wala kwa kitambaa. Basi leo tujifunze mambo matatu: yapi ni ya kawaida, tunayatunzaje kwa pesa kidogo, na yapi yanahitaji daktari.

Kwa nini mwili unabadilika?

Katika mwili wa mwanamke kuna homoni, yaani vichocheo vinavyoendesha kazi nyingi za mwili. Mojawapo inaitwa estrojeni, nayo hutengenezwa hasa katika ovari, mahali yanapokaa mayai ya uzazi. Mama anapozidi kukua, ovari hupunguza kazi na estrojeni hushuka. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Tunasema mama amekoma hedhi anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, ikiwa hana mimba na hatumii njia ya kupanga uzazi inayozuia hedhi. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, hiyo ni mapema mno, na mama anapaswa kumwona daktari.

Estrojeni haifanyi kazi ya uzazi peke yake. Ndiyo inayosaidia ngozi kuwa nene, kuhifadhi maji na kupona haraka inapochubuka. Ndani ya ngozi kuna nyuzi ziitwazo kolajeni. Fikiria nyumba ya udongo: kinachoushikilia udongo ukutani ni fito. Kolajeni ndizo fito za ngozi. Katika miaka 5 ya kwanza baada ya kukoma hedhi, ngozi inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake. Baada ya hapo hupungua taratibu, kama asilimia 2 kila mwaka. Ndiyo sababu ngozi inakuwa nyembamba, kavu na yenye mikunjo, na mkwaruzo mdogo unachukua siku nyingi kupona.

Na nywele je? Kila unywele huota kwa miaka kadhaa, hupumzika, kisha huanguka na mwingine kuchukua nafasi yake. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida kwa mtu yeyote. Estrojeni huufanya unywele uote kwa muda mrefu. Ikipungua, muda huo unafupika na unywele unaoota unakuwa mwembamba. Pia sisi wanawake tuna homoni za kiume kidogo mwilini. Estrojeni iliyokuwa ikizizidi nguvu ikishuka, zinaanza kuonekana kazi yake: utosini nywele zinapungua, na kidevuni zinaota. Wengine hata hutokwa na chunusi kama wasichana wa shule. Yote haya yana sababu ndani ya mwili. Hakuna mtu aliyekutupia jicho baya.

Ngozi kavu inayowasha

Tuanze na ngozi, kwa sababu hii ndiyo inayowanyima akina mama wengi usingizi. Wengine husema wanahisi kama sisimizi wanatembea juu ya ngozi, na wakitazama hawaoni kitu. Hilo pia hutokea wakati huu.

Kwanza, oga kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto sana yanaondoa mafuta ya asili ya ngozi, na wewe sasa huna mengi ya kupoteza. Dakika 5 hadi 10 zinatosha.

Pili, tumia sabuni laini isiyo na harufu kali. Sabuni ya kufulia nguo iachie nguo. Usitie dawa ya kuua viini kwenye maji ya kuoga kila siku, kwa maana inakausha ngozi na kuichoma. Sabuni ipeleke kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja na miguuni. Mikononi na mgongoni, siku nyingi maji yanatosha, isipokuwa umetoka shambani.

Tatu, usijisugue kwa brashi wala jiwe. Ngozi yako ya leo si ile ya miaka 20.

Nne, na hili ndilo kubwa: ukitoka kuoga, jikaushe kwa kujigusagusa na taulo, kisha jipake mafuta ngozi ikiwa bado ina unyevu, ndani ya dakika 3. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Yanayafungia yale yaliyopo, kama kifuniko kinavyofungia mvuke kwenye sufuria. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, ni mazuri kabisa na bei yake ni nafuu. Gliserini iliyochanganywa na maji kidogo pia inafaa, na wenzetu wa Pwani wanayo mafuta ya nazi. Si lazima mafuta yawe ya bei ghali ndiyo yafanye kazi.

Kwa magaga, yaani miguu iliyopasuka visigino, weka maji ya uvuguvugu kwenye karai, loweka miguu dakika 10, sugua kwa upole, kausha, kisha paka mafuta ya mgando kwa wingi na uvae soksi ulale nazo. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili, utaona tofauti. Lakini kama una ugonjwa wa kisukari, usitumie jiwe la kusugulia wala wembe hata kidogo. Kidonda kidogo cha mguu kwa mwenye kisukari kinaweza kuwa kikubwa bila yeye kuhisi maumivu.

Na yale majasho ya ghafla usiku? Jasho likikaa chini ya matiti au kwenye mikunjo ya mapaja, linaleta ukungu, yaani upele mwekundu au mweusi unaowasha na kutoa harufu. Osha, kausha vizuri, na uvae nguo za pamba. Usipopona, uliza kituo cha afya au duka la dawa lenye mfamasia wakupe krimu ya ukungu peke yake. Zipo krimu zilizochanganywa na steroidi, ambazo hutuliza kuwasha kwa siku mbili tatu kisha huharibu ngozi.

Mahali tusipopenda kupataja

Hapa naomba tuzungumze kama watu wazima, na watoto wadogo wakiwa nje wakicheza.

Ngozi ya sehemu za siri nayo inahitaji estrojeni. Ikipungua, mahali hapo panakauka, panawasha, na kukutana na mume kunakuwa na maumivu. Akina mama wengi hunyamaza. Mume naye hudhani amekataliwa, na nyumba inaingia ubaridi ambao hakuna anayeueleza. Mwambie mumeo ukweli: ni mwili, si moyo.

Usijioshe ndani kwa sabuni, ndimu, magadi wala majani ya aina yoyote. Huko ndani panajisafisha penyewe. Nje tumia maji tu. Kuna vilainishi vya maji vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa, na daktari anaweza kukuandikia estrojeni ya kupaka mahali hapo. Lakini ngozi ya sehemu hizo ikigeuka nyeupe na kuwasha sana, hasa usiku, nenda ukaangaliwe. Upo ugonjwa wa ngozi unaofanya hivyo, na una matibabu, ila hauponi kwa kujikuna kwa siri.

Na sikilizeni hili kwa makini. Mama aliyemaliza miezi 12 bila hedhi, kisha akaona damu, hata tone moja tu, hata kama haina maumivu, anapaswa kwenda hospitali. Usiseme, "Hedhi imerudi, bado mimi ni kijana." Mara nyingi ni huo ukavu wa ngozi. Lakini wakati mwingine ni saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi, na ikigunduliwa mapema inatibika vizuri zaidi.

Madoa meusi na krimu za kung'arisha

Sasa turudi kwa mama yetu wa sokoni na krimu yake ya shilingi mia mbili na hamsini.

Madoa ya mashavuni mara nyingi huletwa na jua la miaka mingi pamoja na mabadiliko ya homoni. Anayeuza sokoni au kulima shambani analipata jua hilo kila siku. Dawa ya kwanza ni kivuli: mwavuli, kofia pana au leso kichwani, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mwenye uwezo anaweza kununua mafuta ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi na kuyapaka usoni kila asubuhi. Madoa hayatatoweka kwa wiki mbili. Lakini yatakoma kuongezeka, na mengine yatafifia.

Krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa vibandani zina vitu vitatu vya hatari. Cha kwanza ni zebaki. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo, na anayeishi nawe nyumbani, hasa mtoto mdogo unayembeba, anaweza kuipata kutoka kwenye ngozi yako, taulo na matandiko. Cha pili ni haidrokwinoni. Ukiipaka kwa muda mrefu bila daktari, ngozi inaweza kugeuka nyeusi ya rangi ya buluu, hasa mashavuni, na rangi hiyo ni vigumu sana kuiondoa. Cha tatu ni steroidi kali, ambazo hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Sasa fikiria: kukoma hedhi tayari kumepunguza fito za nyumba, halafu unampaka mama kitu kinachong'oa zilizobaki. Akifanyiwa upasuaji, jeraha linachelewa kupona. Steroidi zikipakwa kwa wingi na kwa muda mrefu zinaweza pia kupandisha sukari na shinikizo la damu.

Hapa Kenya vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimepigwa marufuku, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, limekuwa likionya wananchi mara kwa mara. Hata hivyo vinaendelea kuuzwa kichinichini. Kwenye pakiti tafuta maneno mercury, hydroquinone, clobetasol na betamethasone. Na kama pakiti haionyeshi kabisa kilichomo ndani, hiyo yenyewe ni sababu ya kuirudisha. Ikiwa umetumia krimu ya namna hii kwa miezi mingi, usione haya. Ipeleke hospitali pamoja nawe, umwonyeshe daktari. Ukiacha ghafla iliyo na steroidi, uso unaweza kuwaka na kutoka vipele, na wengi huirudia kwa sababu hiyo. Daktari atakuelekeza namna ya kuacha.

Nywele zinazopungua

Nywele zikipungua utosini au njia ya kichana ikizidi kupanuka, jambo la kwanza ni kuzipunguzia mzigo. Mwambie msusi asivute. Ukitoka saluni na kichwa kinauma hata huwezi kulala, au umetokwa na vipele vidogo penye mistari, hapo umevutwa kupita kiasi. Rasta nzito na nywele za kushonea hung'oa nywele za mbele na za pembeni, na zikivutwa kwa miaka mingi mashina hufa na hazirudi tena. Dawa za kulainisha nywele na vifaa vya kuzinyoosha kwa moto navyo vinachosha nywele ambazo tayari ni dhaifu. Mabutu yaliyolegea, au nywele fupi za asili, ni heshima tosha.

Jambo la pili ni damu na chakula. Mama ambaye hedhi yake inatoka kwa wingi kabla ya kukoma anaweza kupungukiwa na madini ya chuma. Upungufu huo hukausha ngozi na kuangusha nywele. Kula maharagwe, ndengu, omena, mayai, na mboga kama terere na managu. Nyama kidogo ikipatikana, ni vizuri. Tena, chai ya majani usiinywe pamoja na chakula. Inazuia mwili kuchukua chuma kilichomo katika mboga na maharagwe. Kunywa chai yako saa moja kabla au baada ya kula, na kwenye chakula weka chungwa au ndimu, maana husaidia chuma kuingia mwilini. Na ukijikuta unachoka, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, nenda upimwe damu.

Tatu, si kila kupungua kwa nywele kunaletwa na kukoma hedhi. Tezi ya shingoni ikifanya kazi vibaya, nywele huanguka, mwili huchoka na uzito hubadilika bila sababu. Ugonjwa mwingine huanzia katikati ya utosi: panawasha, panauma kama pamechomwa, kisha ngozi inakuwa laini inayong'aa bila vitundu vya nywele. Ugonjwa huo huacha kovu, na nywele zilizokwisha kupotea hazioti tena. Ndiyo maana unahitaji daktari mapema, kabla haujaenea. Kwa kupungua kwa kawaida, ipo dawa ya kupaka kichwani iitwayo minoksidili. Inafanya kazi kwa miezi, si kwa siku, na ukiiacha faida yake hupotea. Uliza kwanza kabla ya kutumia pesa zako.

Ndevu na mvi

Nywele chache za kidevuni unaweza kuzing'oa kwa kibano kisafi au kuzikata kwa mkasi. Kuzinyoa hakuzifanyi ziwe nene, hayo ni maneno ya mtaani. Lakini ndevu zikiota nyingi kwa muda mfupi, sauti ikawa nzito na kipara kikaanza kama cha mwanamume, hilo si la umri tu. Nenda hospitali ukapimwe homoni.

Mvi nazo huja na umri, na wakati wake hutegemea zaidi ukoo wako. Ukipenda kuzipaka rangi, kuwa mwangalifu na rangi nyeusi za unga na piko. Nyingi zina kemikali inayoweza kumvimbisha mtu uso mpaka macho yakafunga. Jaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio na usubiri saa 48. Hina safi ya kawaida ni salama zaidi.

Hapa nina neno moja zito. Katika baadhi ya sehemu za nchi yetu, Kilifi kwa mfano, wazee wamevamiwa na hata kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mvi zao zimechukuliwa kuwa ushahidi. Wapo waliopaka nywele rangi nyeusi kwa hofu tu ya maisha yao. Msikilizaji, umeshasikia leo mvi, mikunjo na ndevu za kidevuni vinatoka wapi. Ukisikia mtu akiwacheka wazee au kuwanong'ona kwa sababu hizo, wewe unayejua sababu usikae kimya. Wafundishe na watoto wako.

Dalili ambazo hupaswi kuzificha

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tumetaja damu inayotoka baada ya miezi 12. Ongeza hizi.

Doa jeusi kwenye unyayo, kiganjani au chini ya ukucha ambalo ni jipya, linakua, lina kingo zisizo sawa au linatoa damu. Wengi wetu tunazijua nyimbo za Bob Marley wa Jamaika. Mwaka wa 1977 aligunduliwa kuwa na saratani ya ngozi iitwayo melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Saratani ilienea, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36 tu. Watu husema saratani ya ngozi ni ya wazungu. Ni kweli kwetu sisi ni chache, lakini aina hii ikitupata hupenda kujitokeza nyayoni, viganjani na kwenye kucha, mahali tusipotazama. Mstari mweusi wa siku nyingi kwenye ukucha ni kawaida kwa Waafrika wengi. Wa kuutilia shaka ni ule mpya, unaopanuka, au uliovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi.

Ngozi ya titi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, au upele kwenye chuchu moja usiopona.

Kidonda chochote kisichopona kwa wiki nne.

Kuwashwa mwili mzima pamoja na kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, maana huenda ni kisukari. Au kuwashwa pamoja na macho kuwa ya manjano, maana huenda ni ini.

Kuhusu dawa za kurudisha homoni: zipo, na huwasaidia akina mama wanaoteswa sana na joto la ghafla na ukosefu wa usingizi. Hazitolewi kwa ajili ya mikunjo ya uso peke yake. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti au damu kuganda mishipani asizitumie bila ushauri wa daktari anayejua historia yake. Usinunue homoni dukani kwa kusikia tu.

Kwa wewe unayemtunza mama

Kama mama yako ni mzee na hawezi kuinama, macho yako ndiyo macho yake. Mara moja kwa wiki, unapomwogesha au kumpaka mafuta, mtazame nyayo, katikati ya vidole, chini ya matiti, mgongoni na kichwani. Kata kucha zako, kwa sababu ngozi yake inachanika upesi. Mshike kwa kiganja kizima, usimvute mkono. Ukiona alama za kuvilia damu, uliza kwa upole kama alianguka, na kama anatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu mwambie daktari.

Na muhimu zaidi, usimwambie amechakaa. Mwambie, "Mama, hebu nikupake mafuta." Wakati mikono inapaka, mdomo wake utafungua mengi aliyoyaweka moyoni.

Basi yule mama wa sokoni afanye nini? Ile krimu asiipake. Hata kama mia mbili na hamsini zimepotea, figo ni ghali zaidi. Anunue mafuta ya mgando na mwavuli. Mwenzake wa sokoni amweleze yale aliyoyasikia leo. Na kwa kuwa hedhi yake inatoka kwa wingi, aende kituo cha afya apimwe damu, na akiwa huko aombe pia kuchunguzwa matiti na mlango wa kizazi.

Mambo ya kukumbuka

Oga kwa maji ya uvuguvugu, paka mafuta ngozi ikiwa na unyevu. Jikinge na jua. Kataa krimu za kung'arisha. Mwambie msusi asivute. Usinywe chai pamoja na chakula. Damu baada ya miezi 12 bila hedhi, doa jipya kwenye unyayo, na mabadiliko ya titi si ya kungojea.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Je, katika jamii yetu tunasema nini juu ya mama aliyekoma hedhi? Ni maneno gani yanafaa kuachwa? Krimu za kung'arisha zinauzwa wapi hapa kwetu, na tunaweza kufanya nini pamoja? Nani nyumbani kwako hawezi kujitazama nyayo zake mwenyewe?